Pampu 12 kwenye kebo moja: kisa cha data iliyochelewa sekunde 13

Kituo kina pampu 12 za kilowati 75, kila moja na draivu yake ya kubadili kasi. Draivu zote zimeungwa kwenye kebo moja ya RS-485 (laini ya data inayoshirikiwa na vifaa vingi) na zinazungumza Modbus RTU, lugha ya vifaa ya kuuliza na kujibu, na PLC moja, yaani kompyuta ya kudhibiti mitambo, kwa biti 9,600 kwa sekunde. PLC inasoma rejista 14, yaani vyumba vya kumbukumbu vya biti 16, kutoka kila draivu (masafa, mkondo, volteji, joto, hali, msimbo wa hitilafu, nishati na nyinginezo), kisha inaandika rejista tatu: neno la amri, kasi inayotakiwa na muda wa kupandisha kasi. Skani ya PLC, yaani mzunguko mmoja wa kutekeleza programu yote, huchukua milisekunde (ms) 20.

Malalamiko yalikuwa manne, na kila moja lilishughulikiwa peke yake kana kwamba hayajuani. Mwendeshaji akisimamisha pampu, skrini inaendelea kuionyesha inazunguka kwa sekunde kumi na kitu. Draivu moja ikizimwa kwa matengenezo, takwimu za pampu zote zinaganda kwa zaidi ya dakika moja. Grafu ya nishati ina tabia ya kushuka ghafla kwa kilowati-saa 65.5 kisha kurudi palepale ilipokuwa, mara moja au mbili kwa siku, leo pampu ya 3, kesho pampu ya 9. La nne halikuwa lalamiko hasa, lilionekana wakati wa ukaguzi: kipima muda cha kulinda mawasiliano kwenye draivu zote kimewekwa sifuri, yaani kimezimwa.

Pendekezo la kwanza lilikuwa lile la siku zote: ongeza kasi ya laini. Kabla ya kugusa swichi yoyote, ilifanywa hesabu kwenye karatasi, na hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa kazi yote.

Safari moja inagharimu nini

Programu ya awali ilisoma kila rejista kwa ujumbe wake. Ombi la kusoma kwa Modbus RTU ni baiti 8 daima: anwani ya kifaa 1, msimbo wa kazi 1, rejista ya kuanzia 2, idadi 2, na CRC (namba ya kukagua makosa) 2. Jibu ni baiti 5 pamoja na baiti 2 kwa kila rejista, kwa hiyo rejista moja inarudi na baiti 7. Jumla ni baiti 15 kwa kwenda na kurudi.

Kila baiti kwenye waya hubeba biti 11, kwa kuwa kuna biti ya kuanza, nane za data, moja ya usawa na moja ya kusimama. Kwa 9,600 hiyo ni ms 1.146 kwa baiti, na baiti 15 zinachukua ms 17.2. Mpaka hapo kila mtu hufika. Yanayosahaulika ni haya yanayofuata.

Modbus RTU haina alama ya mwisho wa fremu. Kifaa hujua ujumbe umekwisha kwa kusikia ukimya wa urefu wa baiti 3.5. Ukimya huo unahitajika mara mbili, baada ya ombi na baada ya jibu: ms 8.0. Draivu zenyewe zilipopimwa zilichukua takriban ms 10 kuandaa jibu. Halafu inakuja PLC. Jibu likifika katikati ya skani, programu haioni mpaka skani ifike kwenye mstari wa mawasiliano. Wastani wake ni nusu skani, ms 10. Na kwa kuwa maelekezo mengi ya mawasiliano huanza pale biti ya kuomba inapopanda kutoka 0 kwenda 1, programu iliishusha biti hiyo, ikasubiri skani nzima, ndipo ikaipandisha tena kwa ujumbe unaofuata: ms 20 nyingine.

Ukijumlisha unapata ms 65.2 kwa ajili ya kuleta baiti mbili zenye maana. Pampu 12 mara rejista 14 ni ujumbe 168, yaani sekunde 10.95. Ongeza ujumbe 36 wa kuandika, kila mmoja ms 66.3, na mzunguko mzima unakuwa sekunde 13.3. Skrini haikuwa na kosa lolote. Ilionyesha kwa uaminifu kile ilichopewa.

Sasa lile pendekezo. Kwa biti 38,400 kwa sekunde baiti inachukua ms 0.2865, na kiwango cha Modbus kinasema juu ya 19,200 ukimya uwe ms 1.75 bila kupungua zaidi. Ujumbe wa rejista moja unashuka hadi ms 47.8 na mzunguko mzima hadi sekunde 9.8. Kasi imezidishwa mara nne, ucheleweshaji haujapungua hata theluthi moja. Zile ms 40 za draivu na skani hazijui laini inakwenda kwa kasi gani.

Kusoma kwa fungu

Rejista 14 zilizotakiwa ziko kati ya 40101 na 40140. Ujumbe mmoja wa kazi ya 03 (kusoma rejista) unaruhusiwa kuomba hadi rejista 125, kwa hiyo zote 40 zinaingia, zinazotakiwa na zisizotakiwa. Ombi ni baiti 8, jibu ni 85, jumla 93. Kwa 9,600 ileile, bila kugusa kasi, ujumbe huo unachukua ms 154.6 na draivu 12 zinasomwa kwa sekunde 1.86 badala ya 10.95. Tunabeba rejista 26 ambazo hatuna haja nazo kabisa na bado tumepata faida kubwa, kwa sababu gharama iko kwenye kuondoka, si kwenye mzigo.

Swali linalofuata kila mara ni hili: pengo kati ya rejista mbili likiwa kubwa kiasi gani ndipo ni afadhali kuvunja fungu? Hesabu yake ni fupi. Gawanya gharama isiyobadilika ya ujumbe kwa gharama ya rejista moja. Kwa 9,600 na programu ya awali, ujumbe mtupu unagharimu ms 62.9 na rejista moja ms 2.29, kwa hiyo pengo la mpaka rejista 27 ni bora ulisome tu upite. Kwa 38,400, na programu iliyorekebishwa kama itakavyoelezwa, gharama ni ms 24.7 na 0.573, na mpaka unapanda hadi 43. Laini inavyokwenda haraka ndivyo inavyolipa kusoma takataka.

Kuna pingamizi moja la kweli. Vifaa vingine hukataa fungu zima likigusa hata rejista moja isiyokuwepo, na hujibu kwa kosa namba 02, anwani isiyo halali. Vingine vina kikomo kidogo kuliko 125. Hayo hayajulikani kwa kukisia. Ukiwa na kompyuta na kigeuzi cha RS-485, omba fungu zima mara moja uone. Katika kisa hiki draivu moja, ya toleo tofauti na zenzake, ilikataa rejista 40118. Dawa ilikuwa kwenye mwongozo wake: draivu nyingi zina eneo la rejista za kupangwa na mtumiaji, ambapo unachagua parameta unazotaka na draivu inazipanga mfululizo. Zile 14 zikapangwa pamoja na jibu likawa baiti 33 tu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini isifanywe hivyo kwa zote 12. Inawezekana, na kwa laini ya 9,600 ingefaa. Ubaya ni kwamba mpangilio huo unaishi ndani ya draivu. Siku draivu ikibadilishwa usiku na fundi asijue, rejista zinajibu vizuri kabisa lakini zikiwa na maana nyingine.

Tukiwa kwenye anwani: 40101 ya kwenye mwongozo huenda kwenye waya kama 100. Baadhi ya maelekezo ya PLC yanataka uandike 40101, mengine 100, na miongozo mingine huhesabu kuanzia sifuri tangu mwanzo. Ukikosea kwa moja hakuna kosa litakalotokea, utapata tu mkondo mahali pa masafa. Chagua rejista moja ambayo thamani yake unaijua kwa macho, kwa mfano masafa yaliyo kwenye skrini ya draivu yenyewe, uanzie hapo.

Zile kilowati-saa 65.5

Nishati kwenye draivu ni namba ya biti 32 ya wati-saa iliyokaa kwenye rejista mbili, neno (biti 16) la juu kwanza. Programu ya awali ilisoma neno la juu kwa ujumbe mmoja na la chini kwa ujumbe unaofuata, ms 65 baadaye.

Chukua kihesabu kilichofika 131,071. Kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16) ni 0001 FFFF. PLC inasoma neno la juu: 0001. Kabla ya ujumbe wa pili kufika, wati-saa moja inaongezeka na kihesabu kinakuwa 131,072, yaani 0002 0000. PLC inasoma neno la chini: 0000. Ikiunganisha inapata 0001 0000, ambayo ni 65,536. Nusu ya thamani imepotea, na tofauti ni wati-saa 65,536, ndizo hizo kilowati-saa 65.5 za kwenye grafu. Mzunguko unaofuata maneno yote mawili yanasomwa yakiwa ya wakati mmoja na grafu inarudi.

Hata idadi ya matukio inakubaliana. Pampu ya kilowati 75 kwa mzigo kamili inakula kilowati-saa 1,800 kwa siku, kwa hiyo neno la chini linarudi sifuri mara 27 hivi. Kwa pampu 12 ni kama mara 330. Dirisha la hatari ni ms 65 ndani ya kila sekunde 13.3, karibu nusu asilimia. Nusu asilimia ya 330 ni moja na nusu kwa siku. Kosa lililoonekana la bahati nasibu, na ambalo lilikwisha kufanya kebo ibadilishwe bure, lilikuwa na ratiba yake.

Fungu moja linaliondoa kosa hili kwa upande wa waya, kwa kuwa maneno yote mawili yanatoka kwenye jibu moja. Linabaki deni moja: mwongozo wa kifaa uhakikishe kwamba draivu yenyewe inapiga picha ya kihesabu kabla ya kujibu. Pale usipoahidi, linganisha thamani mpya na ya zamani. Pampu ya kilowati 75 haiwezi kuongeza zaidi ya wati-saa 21 kwa sekunde, na kihesabu hakirudi nyuma. Thamani inayovunja moja ya masharti hayo isubiri usomaji wa pili kabla ya kukubaliwa.

Jirani wa kosa hili ni mpangilio wa maneno kwenye namba za desimali za biti 32. Masafa ya 50.0 huandikwa 4248 0000. Maneno yakibadilishana nafasi yanakuwa 0000 4248, ambayo ikisomwa kama namba ya desimali ni takriban 2.4 ikiwa imegawanywa kwa 10 mara 41. Skrini inaonyesha 0.00. Fundi anaona sifuri, anadhani draivu haijibu, anakwenda kukagua waya. Ukiona sifuri kwenye namba ya desimali, fungua rejista mbichi kwa heksadesimali kabla ya kufungua paneli.

Kunakili ndani ya PLC

Data ikishafika kwenye bafa ya kupokea (eneo la muda la data inayoingia), programu ya awali ilikuwa na mistari 168 ya kuhamisha, mmoja kwa kila thamani, na yote ilitekelezwa kila skani. Data mpya ilikuja kila sekunde 13, PLC ikawa inanakili thamani zilezile mara 665 kabla haijapata kitu kipya.

Muundo mpya ni safu ya pampu 12, na kila jibu linaloingia linahamishwa lote kwa mpigo mmoja kwenda kwenye nafasi ya pampu yake. Uchambuzi wa thamani, yaani kugawanya kwa 10, kuunganisha maneno na kupima mipaka, unafanywa kwa pampu moja iliyotoka kujibu, si kwa zote. Kinachojaribu watu hapa ni kitanzi cha FOR kinachopita pampu zote 12 kila skani. Kwenye karatasi ni mistari mitano, lakini kichakataji kinatekeleza mizunguko yote. Ufupi wa maandishi haupunguzi kazi.

Maelekezo ya kunakili kwa fungu yana mitego yake, na mmoja unastahili kutajwa kwa jina. Kwenye familia ya PLC za Logix za Rockwell, urefu wa COP (maelekezo yao ya kunakili) huhesabiwa kwa vipande vya mahali data inapokwenda, si inapotoka. Ukinakili rejista 40 kwenda kwenye muundo mmoja wa baiti 80, urefu ni 1. Ukiandika 40 kwa sababu rejista ni 40, maelekezo yatajaza muundo wa pampu hii na kuendelea juu ya pampu zinazofuata mpaka mwisho wa safu. Hakuna kosa litakalotangazwa. Pampu ya 1 itaonekana sawa kabisa, ilhali nyingine zote zitakuwa na upuuzi. Na kwenye familia hiyohiyo, namba ya biti 32 ndani ya muundo hukaa kwenye mpaka wa baiti 4. Ikitanguliwa na rejista moja ya biti 16, mfumo unaweka baiti mbili tupu katikati na kila kitu baada yake kinasogea kwa rejista moja. Njia salama ni kunakili fungu kwenye safu ya namba za biti 16 na kuunganisha maneno kwa mkono.

Kuondoa ms 30 za skani

Mawasiliano yalitolewa kwenye skani kuu yakawekwa kwenye taski ya vipindi vya ms 5, yaani sehemu ya programu inayoendeshwa peke yake kila ms 5. Kusubiri kugundua jibu kunakuwa wastani wa ms 2.5, na kuishusha biti ya kuomba kunachukua ms 5. Jumla 7.5 badala ya 30. Kasi ya laini nayo ikapandishwa hadi 38,400, sasa kwa sababu ya maana: fungu la baiti 93 lilikuwa linachukua ms 107 kwenye waya na sasa linachukua 27.

Kupandisha kasi kulifichua tawi la kebo la mita kadhaa lililokuwa limechomekwa katikati ya laini badala ya kupitishwa kutoka draivu hadi draivu. Kwa 9,600 lilivumilika, kwa 38,400 makosa ya CRC yalianza kwenye draivu mbili. Tawi liliondolewa, na rezista ya ohmu 120 ikawekwa kwenye miisho miwili tu ya laini. Ya tatu, iliyokuwa imeachwa katikati na mtu fulani, ilitolewa.

Mahesabu ya mwisho, kwa kila draivu kusomwa mara moja na kuandikiwa mara moja kwa mzunguko:

Programu ya awali, 9,600: sekunde 13.3
Programu ya awali, 38,400: sekunde 9.8
Fungu, 9,600: sekunde 2.7
Fungu, 38,400: sekunde 1.4
Fungu, 38,400, taski ya ms 5: sekunde 0.9

Lakini taski ya ms 5 ilileta kosa jipya ambalo halikuwepo. Taski hiyo hukatiza programu kuu popote ilipofika. Programu kuu ikiwa imekwisha kusoma mkondo wa pampu ya 7, ikakatizwa, jibu jipya likaandikwa, ikirudi itasoma volteji ya wakati mwingine. Nguvu inayokokotolewa inatokana na nusu ya zamani na nusu mpya. Ni lile kosa la maneno mawili, limehama kutoka kwenye waya na kuingia kwenye kumbukumbu.

Upande wa mawasiliano unaandika hivi:

```
IF jibu_limekamilika AND NOT kosa AND (idadi = tarajio[pampu]) THEN
    mbichi[pampu] := pokea;            (* fungu lote kwa mpigo: rejista 40, au 14 kwa draivu ile moja *)
    umri_ms[pampu] := 0;
    namba[pampu] := namba[pampu] + 1;  (* mwisho kabisa *)
END_IF;
```

Programu kuu inasoma namba ya pampu, inanakili fungu lake kwenye eneo lake yenyewe, kisha inasoma namba tena. Namba zikitofautiana, ilikatizwa katikati, inanakili upya. Hesabu zote zinatumia nakala, hakuna mstari wa programu kuu unaogusa eneo bichi moja kwa moja. Siemens wana UMOVE_BLK na Rockwell wana CPS zinazonakili bila kukatizwa, nazo zinafaa, ila zinachelewesha katizo kwa muda wote wa kunakili; njia ya namba inafanya kazi kwenye PLC yoyote.

Umri wa data nao usiachwe. Taski ya ms 5 inaongeza 5 kwenye umri wa kila pampu kila inapopita. Umri ukizidi 3,000, thamani za pampu hiyo zinapakwa rangi ya kijivu kwenye skrini na udhibiti unaacha kuzitumia. Thamani nzuri ya zamani ni hatari kuliko thamani iliyokosekana, maana inaaminika.

Draivu iliyozimwa

Muda wa kusubiri jibu ulikuwa sekunde 1 na marudio matatu. Draivu iliyozimwa inagharimu sekunde 4 kwa ujumbe, na kwa ujumbe 17 ni sekunde 68 ambazo pampu 11 zilizo hai zinakaa foleni nyuma ya moja iliyokufa.

Jibu refu zaidi sasa ni baiti 85, ms 24 kwenye waya, na draivu hulianza baada ya ms 10. Muda wa kusubiri uliwekwa ms 100 kwa kusoma, na rudio moja. Draivu ikikosa kujibu mizunguko mitatu mfululizo inatolewa kwenye orodha na kujaribiwa mara moja kila sekunde 10.

Kishawishi ni kuubana muda huo zaidi, hadi ms 40 hivi. Kuna sababu ya kutofanya hivyo. Jibu la Modbus RTU lina anwani ya kifaa na msimbo wa kazi, lakini halisemi ni la rejista ipi wala la ombi lipi. Namba ya muamala ipo kwenye Modbus TCP, RTU haina. Draivu ikichelewa, PLC ikakata tamaa na kutuma ombi lingine kwa draivu ileile lenye idadi ileile ya rejista, jibu la zamani likifika litapokelewa kama jibu la ombi jipya na CRC yake itakuwa sahihi. Kwa hiyo baada ya muda kwisha, subiri ms 50 za ziada, mwaga kilichomo kwenye bafa ya kupokea, ndipo utume tena.

Kuandika, na parameta iliyokuwa inakula draivu

Neno la amri na kasi ziko kwenye rejista mbili zinazofuatana, kwa hiyo zinaandikwa kwa ujumbe mmoja wa kazi ya 16: baiti 13 kwenda, 8 kurudi, ms 27 zote. Amri mpya ya mwendeshaji inaruka foleni ya kusoma na kusubiri tu ujumbe ulioko njiani umalizike. (Kitufe cha kusimamisha kwa dharura hakipiti hapa. Kina waya wake.)

Muda wa kupandisha kasi ni jambo jingine. Programu ya awali iliuandika kila mzunguko, thamani ileile, sekunde 20, mchana na usiku. Kwenye draivu hizi hiyo ni parameta inayohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya EEPROM, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kustahimili kuandikwa mara 100,000. Kwa mzunguko wa sekunde 13.3 idadi hiyo inafika baada ya siku 15. Draivu nyingine hulinganisha kwanza na kuacha kuandika thamani isiyobadilika, na huenda hilo ndilo lililoziokoa hizi. Mzunguko wa sekunde 0.9 ungeifikia kwa saa 25. Mtu aliyeharakisha mawasiliano bila kupitia orodha ya rejista zinazoandikwa angekuwa ameharakisha na kifo cha draivu. Parameta hiyo sasa inaandikwa pale tu inapobadilika, kwa muda wa kusubiri wa ms 500, kwa kuwa kuhifadhi kunachukua muda mrefu kuliko kusoma. Draivu nyingi zina pia parameta ya kuchagua kuandika kwenye kumbukumbu ya muda peke yake. Itafute kwenye mwongozo.

Kipima muda kilichozimwa

Neno la amri lilipokuwa linafika kila sekunde 13.3, kipima muda cha draivu chenye sekunde 5 au 10 kingesimamisha pampu kila mara. Aliyekiweka sifuri hakuwa mzembe, alitaka maji yaendelee kutoka. Matokeo yake ni kwamba kebo ikikatika, pampu 12 zingeendelea na kasi ya mwisho zilizopewa bila mtu wa kuzizuia kutoka chumba cha udhibiti.

Neno la amri sasa linafika kila sekunde 0.9. Kipima muda kimewekwa sekunde 3 kwenye draivu zote, na tendo la kukosa mawasiliano ni kushusha kasi hadi kusimama, si kukata ghafla, ili maji yasipige bomba. Kabla ya kuandika chochote kwenye fomu ya makabidhiano, plagi ya RS-485 ilichomolewa kwenye PLC pampu nne zikiwa kazini: ndani ya sekunde 3 draivu zote nne zilionyesha kosa la mawasiliano na kuanza kushuka, na pampu zote 12 kwenye skrini zikawa za kijivu. Plagi iliporudishwa, draivu hazikuwaka zenyewe. Zilisubiri kosa lifutwe kwa neno la amri, kama parameta ilivyopangwa.